Wiki ya Ndoo: namna ya kuendesha shindano la picha la kila wiki bila kununiana

Mada ya kwanza kabisa niliyotoa ilikuwa "Uzuri". Niliitunga mwenyewe nimekaa kwenye stuli ya studio, nikajiona mshairi. Jumamosi usiku nikafungua simu nikakuta picha 26. Machweo 14, maua sita, watoto wa ndugu waliovalishwa nguo za sikukuu, na sahani moja ya pilau. Picha mbili za machweo zilikuwa na bahari. Dodoma na bahari wapi na wapi? Na katika hizo mbili, Mungu anisamehe, moja ndiyo iliyoshinda.

Wiki iliyofuata nikaandika neno moja: "Ndoo". Kundi zima la WhatsApp likaangua vicheko. Mmoja akauliza kama Mama Picha anaumwa.

Mama Picha ndiyo mimi. Nina studio ndogo Majengo, hapa Dodoma, hatua chache kutoka sokoni: picha za pasipoti, picha za vitambulisho, fotokopi, na harusi zikitokea. Nilianza enzi za filamu za picha 36, wakati ule ukikosea unakosea kwa hela. Shindano letu sasa lina watu 19: dereva wa bajaji anayekaa Nkuhungu, mwalimu wa fizikia, nesi, wanafunzi watatu wa UDOM (Chuo Kikuu cha Dodoma), fundi wa aluminiamu, mama anayeuza ubuyu, na wengine. Wenye kamera kubwa ni wanne tu. Waliobaki ni simu, na simu nyingine kioo kimepasuka mpaka unaogopa kukigusa. Nimeulizwa sana na watu wa Singida, Kondoa na kwingine tunafanyaje, nikachoka kutuma sauti za dakika saba saba. Naandika mara moja.

Picha iliyoshinda wiki ya ndoo ilikuwa ya yule dereva wa bajaji. Alfajiri, foleni ya maji Chang'ombe. Ndoo ya bluu imejaa hadi mdomoni, na juu ya maji kinaelea kitawi cha mwarobaini, kile wanachoweka kina mama ili maji yasiruke njiani. Kitawi ndicho kilichotoka kikali, unahesabu majani. Nyuma yake, kwa ukungu, mikono miwili inasokota kanga iwe kata ya kichwani. Basi. Uso hakuna, anga hakuna. Mwenye kamera ya mamilioni alituletea ndoo kumi zimepangwa dukani, zimenyooka, zimeng'aa, kila moja na bei yake. Hakuna aliyempa kura.

Mada kwanza

Shindano likifa, watu hulaumu bando, hulaumu uvivu, hulaumu mwisho wa mwezi. Mimi nakwambia lilifia kwenye mada. Mada pana humchosha mtu kabla hajatoka nyumbani. Mwambie "Maisha", atajilaza kitandani anawaza. Mwambie "Kufuli", atainuka kwenda kutazama mlango wake.

Nikipima mada najiuliza maswali matatu. Yule mwenye hali ya chini kuliko wote kundini ataweza kukipata hicho kitu kwa miguu, dakika kumi kutoka kwake? Mada ikitaka nauli, tayari umeshamtoa mtu. Pili, je, kamera ya bei ndiyo itakayoshinda? "Ndege" ni mada ya wenye lenzi ndefu. "Unyoya" ni ya kila mtu, hata mfuga kuku. Tatu, je, mtu anaweza kuikwapua mtandaoni? Machweo yako huko hayahesabiki. Kufuli la kibanda cha mama ntilie wa Sabasaba, lililoshonewa koti la mfuko wa nailoni lisiingie mvua, liko moja tu duniani.

Zilizotutendea haki: Kufuli. Njano. Kisigino. Mlango uliofunguliwa kidogo. Mikono inayohesabu. Kivuli cha mtu, mtu mwenyewe haonekani. Na "Moshi", ambayo iliishia Msalato, maana mnada wa kule ni Jumamosi na nyama choma ndiyo habari ya mjini. Nusu ya kundi walikutana huko bila kupanga, kila mmoja akijifanya amekuja kuulizia bei ya mbuzi.

Zilizotuangusha: Upendo. Amani. Tanzania yangu. Rangi. Hii ya mwisho nilidhani ni nyepesi, kumbe rangi zote kwa pamoja ni sawa na kutotoa mada. Ilipobadilika kuwa "Njano" peke yake watu walianza kuona madumu, maganda ya ndizi, mabasi ya shule, hata ukucha wa bibi aliyetoka kuchambua manjano.

Kundi likishakomaa, mada ileile itie kifungo. Tuliwahi kuweka "Foleni, lakini asionekane mtu". Nilipata malalamiko Jumapili, Jumatatu na Jumanne. Jumatano yakakoma, watu wakawa wameshaanza kutazama. Kandambili nje ya msikiti, madumu, pikipiki kwenye kituo cha mafuta. Nesi ndiye aliyeshinda: mawe matano na ndala moja chini ya bomba, kila kimoja kikimshikia mtu nafasi yake. Hiyo picha mpaka leo nikiitazama nasikia watu wakigombana.

Kalenda ya huku nayo ni mtunzi mzuri. Mvua zetu huanza karibu na Desemba, zikifika Aprili zinaaga, kinachofuata ni ukavu miezi na miezi. Kwa hiyo "Tope" usipoiweka Januari, subiri mwaka mwingine. Mibuyu huvua majani kiangazi, kwa hiyo "Matawi" tunaiweka Julai au Agosti, upepo unapopiga na anga ni tupu. Zabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka, na si lazima mtu apande gari hadi Mpunguzi au Hombolo, maana zabibu zenyewe hujileta mjini kwenye mabeseni. Mada huwa "Kichala". Aprili hadi Juni ni Bunge la bajeti, mji unajaa suti, na "Viatu vilivyong'arishwa" ni mada inayojipiga yenyewe pale wenye suti wanaposhuka kwenye bajaji wakakuta vumbi. Agosti kuna Nane Nane Nzuguni. Ukiwa Singida utakuwa na alizeti zako na ziwa lako, tumia vyako, usichukue vyangu.

Ratiba, na kwa nini dokumenti

Jumapili saa mbili usiku mada inatoka. Jumamosi saa mbili usiku mlango unafungwa. Kura zinapigwa hadi Jumapili saa kumi jioni, na saa mbili yake matokeo yanatoka pamoja na mada mpya. Usiongeze muda. Niliongeza mara moja, saa mbili tu, kwa sababu umeme ulikatika kwa mtu mmoja. Mwezi mzima uliofuata, kila Jumamosi umeme ulikuwa umekatika kwa mtu fulani.

Tangazo letu ni hili, linabadilika neno moja tu kila wiki:

"Mada: Kisigino. Picha moja kwa kila mtu. Iwe imepigwa kati ya leo na Jumamosi. Nitumie mimi peke yangu, kama dokumenti. Ruksa kukata pembeni, kunyoosha, kuongeza na kupunguza mwanga, kugeuza nyeusi na nyeupe. Marufuku kuongeza kitu, kufuta kitu, na akili mnemba. Anayeonekana sura awe ameridhia."

Habari ya dokumenti watu huiona usumbufu mpaka uwaeleze. Ukituma picha WhatsApp kwa njia ya kawaida, programu inaibana ili iwe nyepesi, na inavua taarifa zilizofichwa ndani yake: tarehe na saa iliyopigwa, aina ya simu, mipangilio ya mwanga. Ukituma kama dokumenti inafika kama ilivyozaliwa. Mimi nazihitaji zile taarifa kujua picha ni ya wiki hii. Na nahitaji ukubwa wake, kwa sababu kusafisha picha ya A4 kwa ubora unaoeleweka kunataka pikseli kama 2,480 kwa 3,508. Iliyobanwa itatoka kama imepigwa kwenye mvuke.

Ila kuna jambo la kuwaonya watu. Ndani ya taarifa hizo huwa yamo pia mahali picha ilipopigwa, kama simu imeruhusiwa kuandika. Mwambie kila mtu azime utambuzi wa mahali kwenye kamera yake kabla ya kupiga picha za nyumbani kwake au za watoto. Wewe mratibu usije ukawa na ramani ya nyumba za watu wote 19 kwenye simu yako.

Kwenye kundi mimi naweka zile nyepesi, kwa njia ya kawaida, kila moja na namba yake bila jina. Picha ya dokumenti moja inaweza kula megabaiti tano, sita. Zidisha mara 19, utamuua mwanafunzi kwa bando.

Kura

Mwanzo kila mtu alikuwa na kura moja. Ikawa siasa. Wanafunzi wa UDOM walipigiana wao kwa wao, mimi nikampa mtoto wa dada yangu, na sikujua kama watu wamegundua mpaka fundi wa aluminiamu aliponiambia mbele ya wateja, "Mama, lile jicho lako la damu litazame." Niliona haya hadi jioni.

Tukahamia pointi. Kila mtu anachagua picha tatu: tatu, mbili, moja. Huruhusiwi kujipa. Kura inakuja kwangu faragha na asiyepiga kura picha yake inaondolewa. Ukiwa na pointi za kugawa mara tatu, hata ukimpa rafiki yako zile tatu, bado mbili na moja zinaenda kwa picha iliyokugusa, na huko ndiko ukweli unakotokea. Zikilingana, inashinda yenye "tatu" nyingi zaidi. Zikilingana tena, zinashinda zote, hakuna aliyekufa. Chini ya watu wanane usitumie njia hii. Kaeni tu mezani mzungumze.

Mratibu haleti picha. Hili nalo nilijifunza kwa aibu ileile.

Na ile picha ya bahari ya wiki ya kwanza? Niliitafuta baadaye kwa njia ya kutafuta picha kwa picha mtandaoni, ikatokea kwenye tovuti za mandhari ya simu, zaidi ya kumi. Aliyeileta sikumfukuza. Nilimwandikia faragha, akasema alidhani ni mashindano ya kuchagua picha nzuri. Pengine ni kweli. Lakini tangu hapo nina njia yangu, na inashinda mtambo wowote: naomba ndugu zake. Picha halali ina ndugu. Mtu aliyepiga mwenyewe ana nyingine kumi mbaya kwenye simu, za kabla na za baada, mojawapo imepigwa kidole. Aliyeikwapua anayo moja tu, safi, yatima. Kwa hiyo mshindi, kabla sijatangaza, ananitumia ndugu watano.

Ndiyo maana naijua safari ya ile ndoo. Dereva alipiga mara 41. Ya kwanza ni ndoo nzima katikati, picha ya mtu yeyote. Ya tisa ameinama. Ya kumi na tano amegeuka, amehamisha madumu ya njano yakawa nyuma. Ya ishirini na kitu ndipo mama mmoja akatia kitawi chake majini, na dereva tayari alikuwa amepiga goti pale akisubiri. Nikiwa na mwanafunzi mpya namwonyesha zile 41 kwa mfuatano, simwambii kitu.

Maneno ya kusemea picha

"Nzuri sana" tumeipiga marufuku. "Hongera" unaisema baada ya matokeo. Kwenye maoni unaanza kwa kusema jicho lako lilitua wapi kwanza na likaondokea wapi. Hivyo tu. Kama umetaka kushauri, shauri jambo moja.

Mfano, wiki ya Kisigino, mama wa ubuyu alileta miguu ya mzee aliyekaa kwenye kigoda, visigino vimepasuka kama ardhi ya Novemba. Mwalimu wa fizikia akaandika, "Mama, jicho langu lilianzia kwenye kile kichupa cha plastiki pembeni, nikachelewa kufika kwenye mguu." Mama akajibu, "Kumbe! Mimi sikukiona kabisa." Angeambiwa "muundo wako haujatulia" asingerudi wiki iliyofuata. Sasa hivi kabla hajabonyeza anakagua pembe nne za kioo, huku midomo inacheza kama anahesabu tasbihi.

Nuru ya huku

Hapa nazungumza na washiriki. Kila mahali utaambiwa piga asubuhi na jioni, nuru ni laini. Kweli, ila kwetu haikai. Tuko nyuzi sita kusini mwa ikweta, jua linapanda wima kama fundi anayewahi paa. Linachomoza kwenye saa kumi na mbili na nusu hivi, na saa mbili tayari limekunja uso. Halafu watu wana kazi. Ukisubiri nuru laini tu, utapiga picha siku za mapumziko, na siku za mapumziko una nguo za kufua. Jifunze mchana.

Kwanza ujue saa sita ya Dodoma si saa sita ya jua. Saa za Tanzania zimepangwa kufuata longitudo ya 45 mashariki, mstari unaopita baharini mbali na pwani yetu, na sisi tuko karibu na 36. Kila nyuzi moja ni dakika nne, alivyotupigia hesabu mwalimu wetu, kwa hiyo jua hutufikia juu kabisa likiwa limechelewa nusu saa na zaidi kidogo, likiyumba kulingana na mwezi. Na mara mbili kwa mwaka, siku za mwanzo za Machi na karibu na tarehe 9 Oktoba, linapita utosini hasa. Machi kuna mawingu. Oktoba anga halina kitu, na hiyo ndiyo wiki ya "Kivuli kifupi". Nilisimamisha chupa ya soda nje ya studio. Ilipofika saa sita na dakika ishirini na tano kivuli chake kilikuwa kimeingia chini ya chupa kama kisahani. Wiki hiyo tulipata picha ya muuza ndizi, sinia kichwani, kivuli cha sinia kimemfunika mwili mzima isipokuwa vidole vya miguu. Vidole viko juani, vinawaka. Ilipigwa mchana wa jua kali, saa ambayo kila mtu atakwambia uweke kamera begani.

Uso wa mtu mchana ni kazi nyingine. Kabla sijanunua taa, pasipoti zote nilizipigia mlangoni: mteja anakaa ndani ya kizingiti kidogo, pale kivuli kinapoanzia, uso unaelekea nje kwenye anga, mimi nasimama juani nikitokwa jasho. Hakuna taa iliyowahi kunipa ngozi nzuri kuliko ule mlango. Kama ana shati jeupe simu itadanganyika, itapunguza mwanga na uso utakuwa giza. Gusa uso kwenye kioo, kisha pandisha au shusha kile kialama cha jua pembeni mpaka uone macho. Ukuta mweupe ulio mkabala naye hurudisha mwanga vizuri. Bati jipya pia hurudisha, ila kwa fujo, mtu anakunja uso kama anadaiwa.

Usivute picha kwa vidole, sogea kwa miguu. Na ufute lenzi. Nusu ya picha zenye "ukungu wa kisanii" ninazoletewa ni mafuta ya chipsi. Puliza vumbi kwanza, ndipo ufute kwa kitambaa cha pamba. Vumbi la Dodoma lina mchanga, ukilisugua linakwangua.

Ruhusa

Wiki ya "Mlango" mwanachama wetu mmoja aliona geti la ofisi moja, chuma kilichofumwa vizuri sana, akalipiga kutoka ng'ambo ya barabara. Mlinzi akavuka, akachukua simu. Kijana alikaa kwenye benchi kuanzia saa nne asubuhi hadi saa tisa, akieleza habari za mada ya wiki kwa mtu ambaye hakuwa na muda wa mada ya wiki. Simu alirudishiwa, picha ilifutwa. Tangu siku hiyo sheria yetu ni fupi: ofisi za serikali, polisi, jeshi, mabenki, na sehemu yoyote yenye mlinzi mwenye silaha, hapana. Mji huu una mageti mengi. Kwenye stesheni, ya zamani na hii ya treni ya umeme iliyoanza kutufikia 2024, uliza kwanza. Droni usiitaje kabisa, ina vibali vyake.

Watu ni rahisi zaidi kuliko mageti ukianza kwa salamu. Mzee wa Kigogo ukimfikia na "Mbukwa" yako, ukakaa, ukauliza shamba, picha itakuja yenyewe. Ukimfikia na simu imeshainuliwa umeshamkosea. Mwonyeshe picha baada ya kupiga. Asipoipenda, ifute akiona. Mtoto, omba mzazi. Mgonjwa, ajali, msiba, hatupigi, hata mada ikiwa inaita. Nchi ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi tangu 2022, na sura ya mtu ni taarifa yake, lakini hata isingekuwepo, hayo ni malezi tu.

Picha yenyewe ni mali ya aliyeipiga. Mimi mratibu sina haki nayo. Duka moja lilinitaka niwape picha ya zabibu waitumie kwenye tangazo lao, nikawapa namba ya mpigaji wakaelewane.

Zawadi na uchovu

Hela usiweke. Tulianza na shilingi elfu kumi, na wiki ya tatu nikasikia kuna mtu anawatumia wapiga kura vocha za mia tano mia tano. Nilicheka kwanza, maana hesabu yake haikuwa inalipa. Sasa mshindi anasafishiwa picha yake, A4, inaning'inizwa kwenye kamba studioni kwa vibanio vya nguo, wiki nzima, na jina lake chini kwa kalamu nene. Gharama natoa mimi, na inarudi: watu wanaingia kutazama, wanatoka na pasipoti. Ikishuka, A4 ni ya mpigaji, na nakala ndogo ya 4R anapelekewa aliyepigwa. Yule mama wa kanga tulimpelekea mikono yake. Akaitazama sana, akasema, "Pete hii nimeshaiuza."

Utaona uchovu kwenye wiki ya sita au ya saba. Picha zitashuka kutoka 19 hadi saba. Usihubiri kwenye kundi. Toa mada ya kijinga, kama "Kijiko", na upige simu kwa watu watatu, uwaulize wanapigia wapi. Mwezi wa Ramadhani na wakati wa mitihani tunapumzika kabisa, bila aibu.

Mshindi ndiye anayechagua mada inayofuata, ila hatungi. Anachota karatasi tatu kwenye kopo la maziwa ya unga lililo juu ya kaunta yangu, anachagua moja, mbili anazirudisha. Yeyote anaweza kutumbukiza karatasi. Kuna mtu kila baada ya wiki kadhaa hutumbukiza "Uzuri". Mwandiko naujua, ni wa mteja wangu wa siku nyingi, na sijamwambia kitu. Jumapili jioni, kabla mshindi hajafika, naitoa.